Kibao Kilichomposa Binti Yangu

Kwa Mkuu wa Idara ya Bustani na Njia za Wananchi

KUHUSU: MADHARA YA KIBAO CHENU NDANI YA NYUMBA YANGU

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako kinachozunguka, na chai yako haijapoa. Nasema hivyo kwa nia njema, maana nataka uisome yote, na mtu mwenye chai ya baridi huishia ukurasa wa kwanza.

Mimi ni dobi. Duka langu limeipa mgongo njia ile iliyokuwa ya reli zamani. Idara yako iling'oa vyuma, ikamwaga kokoto ndogo, ikapanda majani pembeni, kisha ikatutangazia kwamba sasa ni njia ya kutembea, kukimbia, kuendesha baiskeli na kupitisha mbwa. Yote kwa pamoja. Aliyefikiria hivyo sijui siku hiyo alikuwa ameamka upande gani. Mwenye baiskeli anataka njia inyooke na watu watoweke. Mbwa anataka kila kijiti kinuswe, kisha kinuswe tena kwa kuhakikisha. Kuwapa wawili hao njia moja ni kufua shati jeupe na soksi nyekundu kwenye beseni moja, halafu ukamwambia mwenye shati amwombe Mungu.

Hata hivyo nilinyamaza. Mimi si mgomvi. Waulize wateja wangu wote, ukiwaacha wale niliogombana nao. Lakini sasa mambo yamefika sebuleni kwangu, na ninalazimika kuyapanga malalamiko yangu kwa namba, ili kesho msiseme hamkuelewa.

1. Kuhusu kengele.

Ng'ambo ya njia, kwenye nyumba yenye geti la kijani, anaishi daktari wa meno. Zamani alikuwa mtu wa heshima zake, akipita na gari polepole na kukupungia mkono. Kisha daktari mwenzake akamwambia apunguze tumbo. Badala ya kupunguza sahani, akanunua baiskeli. Tangu hapo mtaa mzima tunamwita Bwana Kengele, kwa sababu hashiki breki, anapiga kengele. Kwake yeye kengele ndiyo breki, ndiyo taa, ndiyo hodi na ndiyo samahani.

Mbwa wangu anaitwa Meneja. Tulimpa jina hilo kwa kuwa tangu udogo wake hupenda kukaa mlangoni akiwatazama wengine wakifanya kazi. Sasa ni mtu mzima, mnene kiasi cha cheo chake, na akisikia kengele nyuma yake haendi kulia wala kushoto. Hukaa. Msimamo wake ni kwamba mwenye haraka ndiye aeleze haraka yake.

Siku ya kwanza walipokutana, Bwana Kengele alisimama kwa taabu, kokoto zikanirukia mpaka kwenye sketi. Akavua miwani yake ya rangi ya upinde wa mvua, akamtazama Meneja, akanitazama mimi.

“Mama,” akasema, “mbwa wako amekaa katikati kama kizuizi cha polisi.”

“Na wewe, Daktari,” nikamjibu, “unapita kama gari la wagonjwa, na mgonjwa mwenyewe simwoni.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kwanza, Ndugu Mkuu, na katika yote tuliyowahi kuwa nayo, hayo ndiyo ya upole.

2. Kuhusu mavazi.

Bwana Kengele hakuridhika kuwa balaa la mtu mmoja. Aliunda chama. Wamo mhasibu, mwenye duka la vioo, mwalimu wa hesabu na jamaa mmoja wa bima ambaye hajawahi kufika mwisho wa njia ila kwa kusukumwa. Wamevaa sare. Naomba uniamini nikikwambia kuhusu sare hizo, kwa sababu mke wa Bwana Kengele, mama wa watu asiye na hatia, huzileta dukani kwangu kufuliwa. Ndiyo. Mchana nawakwepa njiani, jioni nawafulia.

Suruali zile zimebana kiasi kwamba ukizianika huwezi kusema ni za mtu mzima au za mwanasesere. Mashati yao yote yana mstari wa matope mgongoni, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Nilimuuliza yule mama sababu. Akaniambia wameng'oa madigadi kwenye baiskeli zao ili kupunguza uzito. Nilikaa chini. Watu wazima wenye familia wamebandua kipande cha bati chepesi kama sahani ya mtoto, na matumbo wakabaki nayo.

Sikatai mtu kufanya mazoezi. Lakini mtu akitoka nyumbani amevaa kama chura, asiniambie mimi kwamba mbwa wangu ndiye anayeharibu sura ya njia.

3. Kuhusu mstari.

Hapa naigusa idara yako moja kwa moja, na nakuomba usinune.

Baada ya mimi kuongeza urefu wa kamba ya Meneja, na Bwana Kengele kuongeza filimbi juu ya kengele, mlimtuma afisa wenu aje kutusuluhisha. Alikuja kijana mzuri, shati limepigwa pasi vizuri (si kwangu), akatukusanya kwenye ukumbi wa shule. Wenye mbwa tukakaa upande wa dirisha. Wenye baiskeli wakakaa upande wa mlango, kofia zao ngumu mapajani kama watu waliobeba matikiti. Afisa akatuambia kwamba sisi sote ni wadau. Nikamuuliza kama Meneja naye ni mdau. Akasema kwa namna fulani, ndiyo. Bwana Kengele akasimama, akauliza mdau huyo akipewa nafasi ya kuchangia atakaa tena katikati? Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Suluhisho likawa mstari mweupe. Baiskeli kushoto, mbwa kulia. Mkaja mkapaka rangi asubuhi, na hamkuweka hata kamba ya kuonya kwamba ni mbichi. Meneja, ambaye hakuhudhuria kikao, aliona mstari ule umewekwa kwa ajili yake. Akautembelea wote, katikati yake kabisa, kama mkaguzi. Kisha akarudi dukani, ambako nilikuwa nimetandaza mezani mashuka ya nyumba ya wageni, yamekunjuliwa, yamepigwa pasi, yanasubiri gari. Akapanda juu kuyaangalia.

Utasema nyayo nyeupe kwenye mashuka meupe hazionekani. Naomba uje uzione. Zinaonekana. Mwenye nyumba ya wageni alipiga simu akiniuliza kama wageni wake watalala na simba.

Siku hiyo hiyo jioni Bwana Kengele alipita, akaona mashuka yamerudi kwenye beseni, akapunguza mwendo. Ndugu Mkuu, mtu huyu ambaye hajawahi kupunguza mwendo kwa ajili ya kiumbe chochote, alipunguza kwa ajili ya kunicheka.

4. Kuhusu kibao chenyewe.

Mstari ulipofutika kwa mvua mkaona aibu, mkaleta kibao. Mkakisimika pale njia inapokata kona, chini yake mkaweka benchi. Kwenye kibao mmechora baiskeli, mmechora mbwa, na chini mmeandika kwa herufi kubwa: NJIA NI YETU SOTE. TUPISHANE KWA UPENDO.

Nauliza kwa heshima zote: upendo ulitoka wapi? Nani aliuomba? “Tupishane” lilikuwa linatosha. Ni neno kamili. Mtu analisoma, anapisha, anakwenda zake. Mkaongeza upendo kama mpishi anayeongeza chumvi bila kuonja, na sasa chakula nimewekewa mimi.

Nina binti, kitinda mimba wangu, ninayefanya naye kazi dukani. Yeye hupokea nguo, huzibandika vitambulisho, na hupiga pasi mashati ya mikono mirefu vizuri kuliko mimi, ingawa hilo sijamwambia. Magoti yangu yalipoanza kulalamika, yeye ndiye akawa anamtembeza Meneja kila jioni tukifunga.

Jioni moja akachelewa. Aliporudi, macho yanamcheka, akaniambia, “Mama, leo Meneja kakamata mtu.”

Akanieleza kwamba kijana mmoja wa baiskeli alikuja kwenye kona akiwa anasoma kibao chenu badala ya kutazama mbele. Kamba ya Meneja ikaingia kwenye gurudumu, kijana akaruka, akaangukia kwenye majani. Na Meneja, kama ilivyo kawaida yake, akakaa. Safari hii akakaa juu ya kijana.

Nilifurahi mno. Nilimpa Meneja mfupa mkubwa uliokuwa na nyama yake. Nilimsimulia kila mteja aliyeingia. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya Meneja kuinuka, binti yangu alivua kitambaa chake cha kichwani akamfunga kijana yule kiwiko, na kwamba walikaa kwenye benchi lenu, chini ya kibao chenu, mpaka taa za njia zikawaka. Mliandika tupishane. Hawakupishana. Waligongana, wakaketi.

Dalili zilikuwepo, tatizo sikuzisoma. Meneja alianza kukonda. Mbwa aliyekuwa akigoma kuvuka kona akawa anasimama mlangoni jua likianza kushuka, kamba mdomoni. Kisha nikaona doa kwenye mkono wa blauzi ya binti yangu. Nikamuuliza ni la nini. Akasema ni mafuta ya bawaba za mlango. Mimi, Ndugu Mkuu! Ambaye natofautisha mchuzi wa jana na wa juzi, naambiwa mafuta ya cheni ya baiskeli ni ya bawaba! Nikaichukua ile blauzi, nikaifua mwenyewe kwa mkono, nikaianika, nikanyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza. Labda kwa sababu siku zile alikuwa anaimba akipiga pasi.

5. Kuhusu ugeni.

Hatimaye akaniambia kuna watu wanataka kuja kutuona, na kijana ni fundi wa lifti. Niliridhika kiasi. Kazi ya kupanda na kushuka kutwa nzima si mbaya, mradi mtu hatoki ndani ya jengo. Nikauliza anaendaje kazini. Akasema anaenda vizuri tu. Jibu hilo lilipaswa kuniamsha.

Tukaosha mapazia. Baba watoto akavaa koti lake la kahawia na kuizima redio, jambo ambalo hakufanya hata siku tuliyoibiwa. Wageni wakaingia: kijana, mama yake, mjomba wake, na nyuma yao mwanamume wa makamo mwenye suti iliyokaa vizuri. Yule mama nilimtambua, ndiye anayeniletea sare za chama; nikafikiri amekuja kusindikiza tu. Yule mwenye suti sikumtambua kabisa. Tangu anunue baiskeli nilikuwa sijamwona akiwa amevaa nguo.

Mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alikuwa na maneno matamu sana. Alisifu mapazia, akasifu sakafu, akasifu kalenda ya kampuni ya sabuni iliyoko ukutani. Alipokuwa anaingia kwenye jambo lenyewe, yule mwenye suti akakohoa. Meneja akatoka chini ya meza. Akamtazama. Kisha akaenda kukaa katikati ya mlango.

Hapo ndipo tulipotambuana.

“Kumbe nyumba ni hii,” akasema Bwana Kengele.

“Kumbe mtoto ni wako,” nikasema mimi.

“Haa! Kumbe mnafahamiana!” Mjomba akapiga makofi. “Basi mimi kazi yangu imekwisha!”

Na kweli ilikuwa imekwisha. Bwana Kengele alisema hawezi kumruhusu mwanawe aingie kwenye ukoo ambao mbwa ndiye anayeongoza magari. Nikamwambia hata mimi siwezi kumtoa binti yangu kwa watu wanaoaga nyumbani kwa filimbi. Akasema wajukuu zake hawatafundishwa kuziba njia. Nikasema wajukuu zangu hawatavikwa soksi mwili mzima. Baba watoto akapitisha biskuti. Mjomba aliendelea kutabasamu peke yake, kama mtu aliyeachwa na basi.

Binti yangu alikuwa amesimama na sinia mkononi. Akaliweka mezani taratibu, halafu akasema, wala hakupandisha sauti, “Mama, mimi siolewi na njia. Naolewa na mtu.”

Kijana akainuka, akaniambia, “Samahani, mama,” ingawa kosa silijui. Akaokota kikombe kilichoanguka, akakiweka kwenye sinia, wakaondoka. Iliwabidi wamruke Meneja mmoja mmoja. Mama yake kijana alinishika mkono mlangoni, kisha naye akaruka.

Tangu siku hiyo binti yangu amehamia kwa dada yake mkubwa. Kazini anakuja kama kawaida, anapokea nguo, anapiga pasi. Ananiambia, “Mama, suti ya mtu wa bima iko tayari.” Ananiambia, “Mama, sabuni imekwisha.” Zaidi ya hapo hana neno. Dukani kunasikika pasi peke yake ikipumua. Baba watoto, ambaye kwa kawaida hutumia maneno kama mtu anayeyakopa, aliniambia juzi tukiwa tunakula, “Hata mimi kwenu walinikataa, eti kwa sababu ya viatu vyangu.” Akaendelea kula.

Yote haya, Ndugu Mkuu, yametoka kwenye neno moja mlilolipaka rangi kwenye ubao bila kutuuliza.

6. Kuhusu ninachotaka.

Kwanza, njia igawanywe kwa ukuta. Si mstari. Meneja ameonyesha anachofikiri kuhusu mistari.

Kama hamna matofali, basi kila sheria iliyopo juu ya mbwa iwekwe pia juu ya mwenye baiskeli, kwa maana haki ni haki. Mbwa wangu anatakiwa awe na kamba. Na mwenye baiskeli afungwe kamba, ishikwe na mkewe. Mbwa wangu amechanjwa. Na wao wachanjwe, hata kama ugonjwa wenyewe haujapata jina. Mbwa wangu akichafua njia mimi naokota. Basi kila anayetupa chupa ya maji na ganda la ndizi akiwa mbioni ashuke, aokote, atembee nalo mkononi mpaka nyumbani kwake huku tukimtazama. Na mbwa akibweka hovyo majirani wanapiga simu kwenu. Ile kengele ifungwe mdomo.

Pili, na hili ndilo kubwa. Kwenye tangazo lenu lililoko getini mmeandika kwamba ndani ya eneo la idara ni marufuku kufanya biashara, kuwasha moto, au kuingia makubaliano ya aina yoyote bila kibali. Nimelisoma mara nyingi. Uchumba huu umefanyika ndani ya eneo lenu, kwenye benchi lenu, chini ya kibao chenu. Kibali hakuna, nimeulizia pale mapokezi. Hivyo ni batili. Naiomba idara itoe barua rasmi yenye mhuri inayosema kwamba binti yangu na yule fundi wa lifti hawakuwahi kukutana. Kwamba walipishana, kama walivyoelekezwa.

Mkishindwa, fikirieni mtakachokuwa mmekisababisha. Watoto hawa wataoana. Watapata mtoto. Mtoto huyo upande mmoja atakuwa wangu, upande mwingine wa Bwana Kengele. Akiwa njiani atapiga kengele, na akiisikia atakaa. Hatafika popote maisha yake yote. Kila siku mtamkuta pale kwenye kona, anajipigia kengele na anajizibia njia mwenyewe, na wananchi wakiuliza mtoto huyu mzuri ana nini, itabidi mseme ukweli: ni wa idara.

Sitaki kuamini kwamba ofisi yenye viti vinavyozunguka itakubali jambo hilo.

Nasubiri ukuta, mhuri, na kuondolewa kwa upendo kwenye kibao. Msalimie yule afisa kijana, mwambie shati lake lilikuwa na mkunjo kwenye bega la kushoto. Msalimie dada wa mapokezi aliyenivumilia, mlinzi wa getini, na dereva wa lori la majani, ambaye katika idara nzima ndiye pekee anayejua kusimama akimwona mbwa. Wasalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa kama yupo mwenye baiskeli.

Ni mimi ninayeumia,

Mama Dobi

Tanbihi: Naongezea haya nikiwa kwenye ngazi za posta, nimeweka karatasi gotini, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Nilikuwa kwenye foleni ya stempu nikamwona aliyeko mbele yangu ana bahasha nene. Kazi yangu ni kusoma lebo kutwa nzima, kwa hiyo macho yalikwenda yenyewe. Ilikuwa inakuja kwako. Mwenye bahasha akageuka. Alikuwa Bwana Kengele, ametoka kliniki na koti lake jeupe.

Nikamuuliza anakuandikia nini. Akasema ni mambo yake. Nikamwambia mambo yake na ya kwangu yana anwani moja. Basi akanisomea, kwa kiburi kabisa, mbele za watu. Ndugu Mkuu, mtu huyu anakuomba uuvunje uchumba! Eti binti yangu amelelewa upande mbaya wa njia! Eti hatamfaa mwanawe!

Sikumbuki nilianzia wapi. Najua nilimuuliza binti yangu ana kasoro gani. Ni mkono upi mwingine unaopiga pasi kola kama ule. Ni nani, katika ukoo wake wote wenye filimbi, aliyewahi kumfunga mtu asiyemjua kitambaa cha kichwani mwake. Naye akanipokonya barua yangu, akaisoma, akafika mahali nilipoandika kazi ya kupanda na kushuka, macho yakamwiva kwa hasira. Akauliza mwanawe ana kasoro gani. Akasema kijana yule aliwahi kukaa ndani ya lifti iliyokwama, giza tupu, akimwimbia bibi mmoja mpaka umeme uliporudi. Hilo sikulijua. Hakuna aliyeniambia kwamba naye anaimba.

Nikamwambia binti yangu ataolewa na kijana huyo, apende asipende. Akaniambia nithubutu kuwazuia nione. Nikasema anayewazuia ni yeye. Akasema ni mimi. Bibi mmoja nyuma yetu akapaza sauti: “Basi waacheni watoto waoane, na sisi tununue stempu!” Karani akatuomba tutoke nje tukamalizie huko.

Huko nje tukakuta hakuna cha kumalizia. Tulikaa kwenye ngazi. Baadaye nikampigia binti yangu simu, nikakuta inatumika. Nikageuka, kumbe anayezungumza naye ni Bwana Kengele, amekunja mgongo, ameziba mdomo kwa kiganja, anasema, “Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Mama yako yuko hapa.” Akanipa simu. Aliyoniambia binti yangu hayaihusu idara.

Kwa hiyo namba sita usiisome, au uisome kinyume: idara isithubutu kuweka kipingamizi chochote kwa watoto hawa, si ukuta wala mhuri. Tutakuja wote wawili, na Meneja atakaa mlangoni kwenu. Kuhusu kengele bado hatujaelewana. Tunaona ni bora umalize wewe, kwa hiyo barua hazirudi nyumbani. Mkwe alikuwa amebakiwa na bahasha moja nzima, ile nyingine tuliichana tulipokuwa tunanyang'anyana. Zote mbili zimo humu. Yake ni ile yenye mwandiko usiosomeka. Tafadhali anza na yangu.